Kiti Chenye Mkono

Shangazi yangu yumo katika picha za nusu ya mji huu, na hakuna anayemjua. Ingia sebuleni kwa mtu yeyote ambaye nywele zimeanza kumbadilika rangi, utazame ukutani. Utakuta picha ya mtoto mchanga aliyeketishwa kwenye kiti kikubwa cha kifahari, kilichovikwa kitambaa kizito cha maua. Mwenye picha atakwambia, kwa maringo kidogo, kwamba huyo mtoto ni yeye. Atakisifu na kiti. Hajui kwamba kiti hicho bado ki hai, kinaishi nyumbani kwangu, kinakunywa chai bila sukari kwa amri ya daktari, na asubuhi ya leo kimenigombeza kwa kuacha bomba likivuja.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Alikuwa kiti.

Mwenye studio ya picha wateja walimbandika jina la Mzee Tulia, kwa sababu ya neno alilolisema kutwa nzima akiwa ameingiza kichwa chake ndani ya kitambaa cheusi cha kamera: "Tulia! Tulia hapo hapo!" Kamera yenyewe ilikuwa ya zamani hata kwa enzi zile, sanduku la mbao lenye miguu mitatu, na ilitaka mtu akae bila kutikisika mpaka yenyewe iridhike. Mtu mzima utamwambia atulie, atatulia. Mtoto wa miezi sita utamwambia nini? Ukimweka peke yake anaanguka. Ukimpa mama yake amshike, anageuka kumtafuta mama usoni, na picha inatoka ya kisogo. Mzee Tulia alipiga visogo vingi sana kabla akili haijamjia. Mtoto ashikwe na mtu asiyeonekana, na mama asimame kando ya kamera, karibu kabisa na jicho lake. Mtoto atatazama wapi tena? Atamtazama mama, na picha itakuwa imepatikana.

Huyo mtu asiyeonekana ndiye Shangazi. Alikuwa mjane angali kijana, ameajiriwa pale kufagia na kuosha beseni za dawa za kusafishia picha. Mzee Tulia akamwuliza, "Wewe unaweza kukaa kimya?" Shangazi akamjibu kwamba hajawahi kujaribu. Wakajaribu. Alikaa kwenye stuli, akainua viwiko kidogo vionekane kama mikono ya kiti, akafunikwa pazia zito la dirishani kuanzia utosini mpaka sakafuni. Mtoto akawekwa mapajani, naye akamshika kiunoni kwa ndani ya kitambaa. Kwa mwanga wa lile dirisha moja la studio, ungeapa ni kiti. Tangu siku hiyo Mzee Tulia na watu wa nyumbani kwake wakawa wanamwita Mama Pazia.

Kazi ilikuwa na masharti yake. Ilikuwa lazima awe ameshafunikwa kabla wateja hawajaingia, na asitoke mpaka waondoke, kwa sababu mtoto mmoja aliwahi kuona kiti kikisimama na kwenda kunywa maji, akalia mpaka akalala. Hakuvaa bangili. Hakupika kitunguu asubuhi. Chafya aliimeza. Na kukojolewa, basi hilo msimwulize, maana ataanza kuwataja majina. Akipita meneja wa benki na tai yake, watu wote wakimpisha, Shangazi hutabasamu peke yake. "Yule?" ataninong'oneza. "Yule alinilowesha mpaka kwenye viatu."

Jambo moja zaidi la kazi ile, na hili mlishike. Akiwa chini ya pazia hakuona kitu isipokuwa pale chini, kwenye upindo, palipobaki uwazi wa kupitisha hewa. Kwa hiyo akina mama wa mji huu aliwajua kwa miguu na kwa sauti. Nyuso zao hakuziona. Mpaka leo tukienda sokoni anawatambua watu kuanzia chini. Nikiwa msichana ilikuwa inaniaibisha. Sasa nimeizoea, na nisiposikia "ile miguu naifahamu" siku nzima, najua hajisikii vizuri.

Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alinichukua mimi, mtoto wa kaka yake, akanilea kwa upendo na kwa makofi machache ambayo nilistahili yote, na saluni ninayoiendesha kwenye chumba cha mbele alinifungulia yeye. Nampenda kuliko ninavyoweza kusema, ndiyo maana huwa tunagombana. Na nilikuwa na kinyongo kimoja kwa niaba yake. Mwanamke aliyekaa miaka yote ile mbele ya kamera hana picha hata moja ya kuonyesha, isipokuwa ile ya kitambulisho, ambayo anasema si yeye bali ni shemeji yake baada ya kunyolewa.

Mzee Tulia alikwishafariki zamani. Studio ikabaki kwa binti yake, ambaye sote tunamwita Binti Tulia ingawa naye ana wajukuu. Simu za mkononi zikaitafuna biashara pole pole, mpaka akaamua kumpangisha mtu wa kuuza simu. "Ninamkabidhi adui yangu funguo," alisema, akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Kabla ya kukabidhi alitaka kuwe na maonyesho ya wiki moja ya picha za ajabu za studio ile, kila picha na kisa chake. Akatangaza kwamba mwenye picha ya zamani ailete, akachukua maboksi yake na kuja nayo saluni kwangu, kwa kuwa mtu pekee aliyebaki mwenye kuvijua visa hivyo alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha wateja akila karanga.

Siku hiyo wateja wangu walitoka na nywele nusu. Nani angesuka? Tulivunjika mbavu. Kulikuwa na lile koti. Wanaume wa mji mzima, wanene kwa wembamba, walipigwa picha na koti moja la studio, lenye kifungo cha pili kilichokatika, na kwa wanene lilipasuliwa mgongoni likabanwa na pini. Kulikuwa na saa ya mkononi isiyo na mashine ndani. Ukiwapanga wote waliowahi kuivaa, kila mmoja alipigwa picha saa nne na dakika kumi. Kulikuwa na bwana anayeongea na simu huku amekunja uso kwa shughuli nzito, na waya wa simu umening'inia chini bila kwenda popote. "Familia yake wanasema alikuwa anaongea na wizara," alisema Binti Tulia.

"Alikuwa anaongea na mguu wa meza," alisema Shangazi.

Kulikuwa na picha ya harusi ambayo bwana harusi alikwama safarini, gari limeharibika, ikabidi kaka yake asimame badala yake ili bibi harusi asikose picha. Baadaye Mzee Tulia akabandika uso wa bwana harusi mwenyewe juu ya mabega ya kaka. Watoto wao walipokua walimwuliza mama yao kwa nini baba alikuwa mrefu siku ya harusi halafu akapungua.

Lakini kitovu cha maonyesho, alisema Binti Tulia, kitakuwa siri ya kiti. Ataweka stuli yenyewe, na pazia lenyewe, bado alikuwa amelihifadhi. Ataweka picha za wale watoto pande zote. Na siku ya kufungua, Shangazi ataketi na kufunikwa mbele ya watu, halafu afunuliwe. "Mji wote ujue walikuwa wamekalia mapaja ya nani."

Nilimtazama Shangazi. Aliacha kutafuna. Akarekebisha shali yake mabegani, akaniuliza, kama mtu asiyejali, kama lile gauni lake la kijani limetoka kwa dobi. Hapo nikajua anaitaka siku hiyo. Anaitaka sana.

Ndipo Binti Tulia akatoa ya mwisho. "Na hii imeletwa jana na yule seremala wa nyuma ya posta. Hii ni ya ajabu kuliko zote."

Seremala huyo namfahamu, ndiye aliyenitengenezea rafu zangu. Ni mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno, mwenye penseli sikioni siku zote, hata msibani. Picha yake ilikuwa ndani ya fremu nzuri aliyoichonga mwenyewe. Kiti kile kile, maua yale yale. Mtoto amejirusha mbele, mikono miwili hewani, mdomo wazi hauna jino hata moja, anacheka kicheko ambacho ungekisikia kama picha zingekuwa na sauti. Na ubavuni mwa kiti, kutoka kwenye kitambaa, umetokeza mkono mtupu wa mwanamke. Umemzuia mtoto kifuani asianguke. Kidole chake kidogo kimepinda kuelekea nje.

"Anasema ni mkono wa mama yake," alieleza Binti Tulia. "Alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Mama huyo alifariki mtoto hajatimiza mwaka. Hakuna picha yake nyingine, hakuna nguo, hakuna chochote. Mkono huu tu. Alipokuwa mdogo alikuwa anaugusa kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Tazama kioo kilivyofifia hapo."

Kweli, kioo kilikuwa kimepata ukungu, mahali pamoja tu, penye vidole.

Shangazi aliuingiza mkono wake wa kulia chini ya shali, taratibu. Lakini mimi mkono ule naujua. Umenisuka, umeniogesha, umenivuta masikio. Kidole chake kidogo kilibanwa na mlango wa chumba cha giza cha studio, kikapona kikiwa kimepinda kuelekea nje. Binti Tulia alikulia mikononi mwake. Naye akaitazama picha, akaitazama shali, rangi ikamtoka.

"Mama Pazia," alisema polepole.

"Nyamaza," alisema Shangazi.

Wateja walipoondoka tukabaki sisi watatu, na Shangazi akakata kauli. Pazia lisitoke. Stuli isitoke. Kiti kibaki kiti. Maana mtu akishaona stuli na pazia, alisema, hata mjinga atauliza mkono ule ulitokea wapi, na seremala si mjinga. Binti Tulia alijaribu kumshawishi, mara tutoe picha ya seremala tu, mara tumwambie kwa upole. Shangazi alitikisa kichwa mpaka yule mama akachoka, akabeba maboksi yake akaenda.

Mimi sikuchoka. Nilimwambia kwamba hii ni dhuluma. Nilimwambia kwamba picha pekee duniani ambayo kiungo chake kimoja kinaonekana, nayo anaitoa sadaka kwa mtu ambaye hata hamjui. Nilisema mengi, na sauti nilipandisha, najijua. Yeye alikuwa akiokota maganda ya karanga sakafuni.

"Unamwona ametulia mle pichani?" aliniuliza nilipomaliza.

"Hajatulia. Anaruka."

"Basi. Alikuwa anaanguka. Nikatoa mkono nikamshika." Akanyanyuka, akanikabidhi maganda. "Sasa unataka nimwachie?"

Nikaenda kuyatupa maganda. Si kwamba niliridhika.

Siku ya kufungua maonyesho studio ilijaa. Ukuta wa rangi ya maziwa uliokuwa mandhari ya kila picha ulipigwa brashi. Watu walikuwa wanajitafuta ukutani, wanaitana, wanabishana ni shavu la nani. Koti la studio lilitundikwa kwenye kiango, na wanaume wa heshima zao walipanga foleni kulijaribu. Shangazi alivaa gauni la kijani. Mkono wa kulia aliuviringisha ndani ya shali, na kila aliyemsalimu aliambiwa kwamba ana jipu. Jipu lenyewe lilikuwa linahama. Mara lilikuwa kiganjani, mara kwenye kifundo. Nilimkanyaga mguu achague mahali pamoja.

Nilikuwa nimemkasirikia na nikimwonea huruma kwa pamoja. Watu walikuwa wamesimama mbele ya picha za watoto, wanasema, "Aisee, vile viti vya zamani vilikuwa viti!" Naye alisimama nyuma yao, mfupi, hakuna aliyegeuka.

Seremala aliingia akiwa amenyoosha shati, penseli sikioni. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha yake, akasimama kidogo, kisha akatafuta wakubwa wa kusalimia. Binti Tulia, ambaye alikuwa na wasiwasi mpaka maneno yanamtoka bila mpango, akamwambia, "Huyu mama alikuwa anafanya kazi hapa na marehemu baba."

Uso wa yule mtu ukafunguka. Akaja mbio mbio, mwili mkubwa ule, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akanyoosha mikono yote miwili. Na Shangazi, aliyewaambia watu wote habari za jipu, mzee mwenye akili zake timamu, akasahau. Mkono una mazoea yake. Ulitoka wenyewe chini ya shali, ukaingia katikati ya viganja vya seremala.

Fundi wa mbao anaujua ubao kwa kuupapasa. Nilimwona akisita. Kidole gumba chake kilipita juu ya kidole kidogo cha Shangazi, kikarudi, kikapita tena. Hakutazama chini. Alitazama ukutani, kwenye picha yake. Kisha ndipo akatazama chini.

"Mama," alisema, "kidole hiki."

Shangazi angeweza kumwambia kwamba mlango ule ulibana vidole vya wengi. Nilimwona anafungua mdomo, na mimi niliyekuwa nimeutaka ukweli siku zote zile, nikaomba moyoni aseme uongo.

"Mkono ni wangu," alisema. "Pale hapana kiti, mwanangu. Mle ndani ni mimi nimefunikwa pazia. Watoto wote hawa niliwashika mimi."

Watu walio karibu wakageuka, halafu walio mbali. Seremala hakumwachia mkono. Aliushikilia tu, kwa uangalifu, kama kitu cha watu alichoambiwa akirudishe.

"Kwa hiyo sina kitu," alisema.

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Machozi yalinitoka pale pale mbele ya wateja wangu.

Shangazi yeye hakulia. Alipandwa na hasira zake zile ninazozijua, za kuanzia puani. "Nani amekwambia huna kitu? Ukubwa wote huu na huwezi kutazama picha? Binti Tulia! Lete stuli. Lete na pazia lako. Nanyi mlioziba dirisha, sogeeni, mnanizibia mwanga."

Vikaletwa. Shangazi aliiweka stuli mwenyewe, akaisogeza, akaisogeza tena, mpaka miguu yake ikakaa kwenye alama zilizochubuka sakafuni tangu enzi hizo. Akaifunika pazia. Akaagiza picha ya seremala ishushwe ukutani, akaisimamisha juu ya stuli, pale pale mtoto alipokuwa anakaa. Kisha akamshika seremala mkono, akampeleka upande wa pili, karibu na mashimo matatu ya miguu ya kamera.

"Simama hapo. Sogea kulia. Bado. Wewe ni mrefu, inama kidogo. Basi. Sasa mtazame huyo mtoto. Anamtazama nani?"

Seremala alitazama. "Ananitazama mimi," alisema.

"Anamcheka nani?"

"Mimi."

"Kila mtoto niliyemshika, mama yake alisimama hapo uliposimama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu, mama asimame hapo ili mtoto atazame kamera. Mikono yako ile umeirusha kumwendea yeye, ndiyo maana ulitaka kuanguka. Mimi nilikuwa kiti tu. Kicheko kile si changu, sikukipata mimi. Hivyo unavyomwona huyo mtoto sasa hivi, ndivyo mama yako alivyokuona."

Seremala aliinama vile vile alivyoagizwa, magoti yamekunjika, mikono mapajani, akitazamana na yule mtoto. Sijui kwa muda gani. Meneja wa benki alikuwa amebaki na mkono mmoja ndani ya lile koti, hauingii wala hautoki.

"Alikuwaje?" seremala aliuliza bila kugeuka. "Uso wake ulikuwaje, mama?"

"Uso sikuuona. Nilikuwa nimefunikwa. Nisikudanganye." Shangazi alifikiri. "Miguu niliiona. Ndara za buluu, moja imeshonwa kwa uzi mweupe. Na alikuwa anaruka."

"Anaruka?"

"Anarukaruka kama mtoto, mtu mzima. Akina mama wengine walikuwa wanapiga vidole, wanaita, wanatikisa funguo. Sijapata kuona mwingine akiruka, hata mmoja. Nilikuwa naona visigino vinapaa, vinashuka, vinapaa, na mwenyewe anacheka mpaka anakohoa. Ndipo nawe ukajirusha, mkono ukanitoka. Mzee Tulia alinifokea! Akasema picha imeharibika, irudiwe. Mama yako akakataa. Akasema, 'Hapana, nataka hii hii. Ndivyo alivyo mwanangu.' Sauti yake ilikuwa nzito, si ya mtu mdogo, ila yeye alikuwa mdogo. Akasema yake atakuja kupiga siku nyingine."

Seremala alipangusa uso kwa mkono wa shati lake safi. "Baba ndiye aliyeniambia ni mkono wake," alisema. "Alikuwa dereva wa malori. Alirudi safari akakuta mama amelazwa, na hakutoka tena hospitali." Kisha akasema, kama mtu anayelipima neno kabla ya kulikata, "Lakini baba si alikuwa anaujua mkono wa mkewe?"

"Ulimwuliza ukiwa mkubwa kiasi gani?"

Akaonyesha kwa kiganja, usawa wa goti lake.

"Basi," alisema Shangazi, kwa upole ambao mimi hunipa nikiwa na homa tu. "Sasa mtu wa kimo hicho angejibiwaje?"

Seremala akatikisa kichwa. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha kushtukia, mdomo wazi, na wote tuliokuwa pale tukageuka kuitazama picha kwenye stuli, kisha yeye, kisha picha. Kilikuwa kile kile, kimeongezwa meno.

Binti Tulia alitaka kuirudisha picha ukutani. Seremala akamwomba asubiri. Alitoa penseli sikioni, akachutama pale pale aliposimama, akaanza kuzungushia viatu vyake mstari juu ya mbao za sakafu, taratibu, kama anavyochora kabla ya kukata. Alimaliza mguu wa kushoto, akaanza wa kulia.

Shangazi alikuwa ameinama juu yake, mikono yote miwili nje ya shali, anakagua.

"Hapana," alisema. "Miguu yake haikuwa mikubwa hivyo. Fanya midogo."

Seremala akafuta kwa kiganja, akaanza upya.